Tetekuwanga Si Ugonjwa wa Kudharauliwa

Tangu ugonjwa wa mpox ulipothibitishwa hapa Burundi mwezi Julai 2024, upele wowote mwilini umekuwa jambo la kutia hofu. Hofu hiyo ina msingi wake. Lakini imezaa kosa jingine. Mgonjwa akipimwa na kuonekana kwamba hana mpox bali ana tetekuwanga, jamaa zake hushusha pumzi na kusema, "Kumbe ni tetekuwanga tu!" Kisha humwacha ajilalie. Neno hilo "tu" ndilo tunalotaka kulizungumzia leo.

Kwa jirani zetu wa Kongo, vipimo vya maabara vimeonyesha mara kwa mara kwamba baadhi ya waliodhaniwa kuwa na mpox walikuwa na tetekuwanga. Ni kweli pia kwamba watoto wengi hupona ugonjwa huu bila matatizo. Hata hivyo, wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Hatari ya kwanza imo katika ngozi. Mtoto hujikuna, malengelenge hupasuka, na vijidudu hupata mlango wa kuingilia. Ngozi ikivimba, ikapata moto na kutoa usaha, au homa ikizidi siku nne, au ikirudi baada ya kushuka, mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Hatari ya pili ni mapafu, nayo huwaandama zaidi watu wazima, hasa wajawazito na wavuta sigara. Dalili zake ni kikohozi, kifua kuuma na kupumua kwa shida. Hatari ya tatu ni ubongo. Hapo mgonjwa huumwa sana kichwa, hutapika mfululizo, huyumba akitembea, hushikwa na degedege, au hulala usingizi asioamshika.

Wapo pia wasiopaswa kungojea dalili hizo: mama mjamzito, mtoto mchanga ambaye mama yake alipata upele karibu na siku ya kujifungua, na mtu mwenye kinga dhaifu. Hao waonwe na daktari mara upele unapotokea, kwani dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianzwa katika saa 24 za mwanzo. Na mtoto asipewe aspirini kamwe, maana yaweza kumdhuru ini na ubongo.

Ndugu wasikilizaji, ulinzi huu hauhitaji mitambo. Wahitaji mtu wa kukaa kando ya kitanda, ahesabu siku za homa, autazame mwili wote asubuhi na jioni, na asikilize pumzi za mgonjwa. Muuguzi anayemruhusu mgonjwa kurudi nyumbani amweleze mama dalili hizi, naye mama azirudie kwa kinywa chake kabla hawajaagana. Mgonjwa naye asichangamane na watu mpaka malengelenge yote yakauke.

Tukifanya hivyo, neno "tu" litakuwa limeondoka vinywani mwetu, na watoto wetu watapona.