Kupanga Vipaumbele vya Kaunti Bungeni: Kwa Nini Sheria ya Maji Itangulie

Mada kwa semina ya maafisa wa kaunti, Manyatta, Kisumu



Maana ya ugatuzi, mswada na kipaumbele mnaijua, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limo ndani ya makabrasha yenu. Nitakumbusha jambo moja tu: mswada unaogusa kaunti hupitia Seneti, na huko, chini ya Ibara ya 123, ujumbe wa kila kaunti una kura moja. Kisumu ina kura sawa na Nairobi.

Tukikaa kupanga vipaumbele, kila idara huja na lake na orodha hurefuka, kisha nafasi ya kwanza hupewa ombi la kuongezewa mgao. Ombi hilo ni la haki, lakini ushindi wake ni wa mwaka mmoja. Mwaka 2019 Bunge la Taifa na Seneti vilivutana juu ya Mswada wa Ugavi wa Mapato hadi magavana wakaenda mahakamani. Mwaka 2024 shilingi bilioni 400.1 za kaunti zilizokuwa zimekwisha kupitishwa zilipunguzwa baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, na upatanisho ukaishia kwenye bilioni 387.4. Baraza la Magavana lina wajibu wa kupigania mgao kila mwaka, na litaendelea. Kaunti moja yenye mawakili wachache na muda mfupi wa seneta wake inafaa ipiganie jambo ambalo likishapita halirudi mezani kila Juni. Kwa Kisumu, jambo hilo ni Sheria ya Maji ya 2016.

Tazameni kiwanja cha kawaida hapa Manyatta: vyumba vya kupangisha vimezunguka ua, kisima kilichochimbwa kwa mkono kiko upande mmoja, na choo cha shimo hatua chache kutoka hapo. Tafiti zimekuta vijidudu vya kinyesi katika maji ya visima hivi, na sababu haifichiki: maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, na shimo la choo liko karibu na kisima. Mpangaji hulijua hilo. Maji ya kisima huyatumia kufulia, ya kunywa huyanunua kwa mtungi wa lita 20 kwenye kioski au kwa mwenye mkokoteni. Kampuni ya maji ya kaunti, KIWASCO, imejaribu kufika ndani zaidi kwa kuwauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani, nao wakayasambaza nyumba kwa nyumba. Mpango huo ni mzuri, lakini bomba dogo la mtaani hutegemea bomba kubwa na mtambo wa kusafisha maji, na maji taka hutegemea mitambo kama ya Kisat na Nyalenda. Hapo ndipo sheria inapotukwamisha.

Katiba imeipa kaunti huduma za maji na usafi. Sheria ya 2016 nayo ikaunda mashirika ya serikali kuu ya kujenga miundombinu ya maji, la kwetu likiwa lile la Ziwa Victoria Kusini. Kifungu cha 69 kinataka shirika, miundombinu ikishazinduliwa, lifanye mkataba na kaunti ili mtoa huduma aitumie, na lifanye hivyo mapema iwezekanavyo. Hakuna idadi ya siku, na kinachozungumzwa ni matumizi, si umiliki. Anayedaiwa maji na mwananchi ni kaunti, huku anayeamua bomba lijengwe wapi na lini akiwa mwingine. Afisa wa kaunti hawezi kupanga bajeti ya matengenezo ya kitu asichokimiliki, wala mwakilishi wadi hawezi kuhoji shirika lisilowajibika kwa Bunge la Kaunti. Hili limezungumzwa mno vikaoni, na bado liko palepale.

Wapo wanaosema mito na ziwa havijui mipaka ya kaunti. Ni kweli, na hoja hiyo inahusu ulinzi wa vyanzo, ambao Katiba imeuacha kwa serikali kuu. Haihusu bomba linaloishia mtaani Kondele. Wengine huuliza nani atalipa mikopo ya nje. Swali hili ni zito kuliko yote: kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge lake. Kwa hiyo marekebisho yaeleze wazi deni linahamaje na kwa masharti gani. Wa tatu hupendelea makubaliano ya hiari chini ya Ibara ya 187. Makubaliano hutegemea nia njema ya waliopo ofisini, na maafisa hubadilika.

Napendekeza kwanza orodha yetu iwe na vipaumbele visivyozidi vitatu, na Sheria ya Maji iwe cha kwanza. Kifungu cha 69 kirekebishwe: kiwekwe muda maalumu wa kukabidhi na umiliki utajwe kwa jina. Kifungu cha madeni kisiachwe nyuma. Seneta akabidhiwe rasimu iliyokamilika badala ya barua ya malalamiko, na kabla ya hapo kaunti jirani za ziwa zishawishiwe, kwa kuwa kura 24 za Seneti hazipatikani Kisumu peke yake. Wakazi wa Manyatta na Nyalenda wasikilizwe mapema, rasimu ikiwa bado inaweza kubadilika. Narudia kuhusu muda wa kukabidhi: mswada ukirudi kutoka upatanishoni bila idadi ya siku, seneta wetu asiupigie kura ya ndiyo.