Mafuta Chini, Malisho Juu

Mhadhara wa umma uliotolewa Lodwar



Nitaanza na Katiba ya Kenya, maana ugomvi wetu wote wa mafuta na malisho umeandikwa humo katika vifungu viwili vinavyofuatana. Kifungu cha 62 kinayahesabu madini na mafuta yaliyo ardhini kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinasema misitu, malisho na mahali pa matambiko pa jamii ni ardhi ya jamii, na pale ambapo haijasajiliwa, serikali ya kaunti huishika kwa amana. Kwa hiyo mfugaji aliyesimama Lokichar, penye visima vya mafuta, amesimama kwenye ardhi ya jamii, na mbali chini ya akala zake kuna ardhi ya umma. Mwenye mali ya chini hawezi kuifikia bila kupita kwa mwenye mali ya juu. Watu wakiniuliza habari za uhifadhi katika ardhi ya umma, huwaambia kwamba Turkana ardhi hiyo iko chini ya miguu yetu. Cha kuhifadhiwa kiko juu, nacho kina wenyewe.

Historia yenyewe mnaijua. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta kwenye kisima cha Ngamia 1. Vikafuata Twiga, Etuko, Ekales, Etom. Asiyejua angedhani anasomewa orodha ya wanyama wa hifadhi. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakidai kazi na zabuni, na uchimbaji ukasimama kwa muda. Juni 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa, na kabla ya mwezi kwisha wananchi wakayafungia barabara kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Agosti 2019 meli ya kwanza iling'oa nanga na mapipa zaidi ya 200,000. Mwaka 2023 washirika wa Tullow, Africa Oil na TotalEnergies, walijitoa, na mwaka 2025 Tullow nayo ikaiuzia Gulf Energy mali yake ya Kenya. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Ngamia 1 sasa ni kijana, na bomba la kwenda Lamu bado ni mstari kwenye ramani.

Katika miaka hiyo yote, hoja moja nimeisikia mara nyingi kuliko nyingine: kwamba visima vinachukua eneo dogo sana. Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Viwanja vya visima, hata ukivijumlisha na barabara zake, ni kama nukta. Sibishani na hesabu hiyo. Ninachokataa ni kipimo chenyewe. Nchi kame haipimwi kwa ukubwa. Mwezi wa mvua mifugo inaweza kulisha karibu popote. Kiangazi kikikaza, uhai wote wa mbuzi, ngamia na watu hukusanyika kwenye vipande vichache: kingo za mito, laga, yaani mito ya msimu, zenye maji chini ya mchanga, na miguu ya milima. Ukichukua asilimia ndogo ya ardhi, lakini ikawa ndiyo hiyo, umechukua kiangazi chote.

Fuateni Mto Turkwel kutoka hapa mjini kwenda juu. Kwenye kingo kuna migunga, mikoma na miswaki. Mgeni ataona msitu usio na mwenyewe. Mturkana ataona ekwar: sehemu ya ukingo ambayo familia fulani ina haki juu ya miti yake wakati wa kiangazi. Mifugo ya wengine hupita na kunywa maji, lakini kuangusha ngitit, yaani yale maganda ya mgunga, au kupogoa matawi ili mbuzi wale, hiyo ni haki ya mwenye ekwar, na mwingine akihitaji huenda kuomba. Kuukata mgunga mzima ni kesi ya wazee. Mvua ikinyesha watu hutawanyika tambarare, na haki hiyo hulala hadi kiangazi kirudi. Mtafiti Edmund Barrow aliiandikia ekwar makala mwaka 1990, kwa hiyo hakuna ofisa anayeweza kusema kwamba habari hizi hazipo kwenye maandishi.

Msidhani naisifu tu. Ekwar imedhoofika. Mji umekua, makaa yana soko, na vijana wengi hawajui mpaka wa babu yao uko wapi. Familia maskini isiyo na ekwar hutegemea huruma ya jirani. Lakini huo ni uhifadhi uliokuwepo kabla ya idara yoyote ya mazingira, na haumo kwenye ramani ya vitalu vya mafuta. Kitalu 10BB na kitalu 13T vina mistari iliyonyooka. Haki inayolala na kuamka kwa msimu haina alama kwenye ramani ya namna hiyo.

Sasa maji, na hapa naomba tukae kidogo. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana malori yale yalibeba matangi ya kuhifadhi joto, na ndiyo maana bomba la Lamu, la zaidi ya kilomita 800, litalazimika kupashwa moto njia nzima. Tena mafuta hayo hayatoki kwa wingi bila kusukumwa, na kinachoyasukuma ni maji yanayoingizwa ndani ya mwamba. Mpango uliopendekezwa ni kuyatoa katika bwawa la Turkwel. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1991 kwa ajili ya umeme, na tangu hapo mafuriko ya mto hayakuwa yale ya zamani. Msitu wa kingo huishi kwa mafuriko: ndiyo yanayootesha miche na kujaza maji ya chini ambayo mizizi ya mgunga huyafuata. Kwa hiyo tunapouliza kama mafuta yataharibu mazingira, tusitazame Lokichar peke yake. Tutazame hapa Lodwar na ukingo wote wa chini, mahali ambapo hakutachimbwa kisima hata kimoja.

Najua kuna atakayesema kwamba Turkana ina maji mengi ardhini. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kuna hazina kubwa chini ya tambarare ya Lotikipi, na nchi nzima ikashangilia. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba maji hayo yana chumvi kupita kiasi. Satelaiti iliona maji, haikuyaonja.

Mfano mwingine wa kipimo hicho cha ukubwa ni Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo pamoja na Kalobeyei ina wakimbizi zaidi ya 200,000. Pimeni kambi kwenye ramani: ni kipande kidogo kando ya laga ya Tarach. Lakini jiko la kambi limefika mbali kuliko ua wake. Kuni na makaa hutoka maeneo ya mbali, hubebwa na akina mama wa Kiturkana, na huuzwa au hubadilishwa kwa mgao wa chakula. Siwalaumu mkimbizi wala mama muuza makaa. Wote wawili wanatafuta chakula cha jioni. Ila Kakuma imetufundisha kwamba mradi hauishii kwenye mipaka yake. Kiwanja cha kisima huleta barabara, barabara huleta soko, tangi la maji huleta makazi, na mifugo iliyokuwa ikihama huanza kulisha palepale mwaka mzima. Uharibifu huo haumo katika hesabu ya hekta.

Uhifadhi nao una dhambi zake. Mti wa mathenge uliletwa kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Sasa umeziba njia za mifugo kwenda majini, na maganda yake yanaozesha meno ya mbuzi. Watu wa Baringo walifika mahakamani kwa ajili yake. Waliopanda hawakumuuliza mchungaji, kama vile wachora vitalu wasivyomuuliza.

Wenzetu wa Uganda wanachimba ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, na mjadala wao ni mkali. Lakini wao angalau wana mpaka wa hifadhi wa kubishania. Sisi hatuna ua, tuna kalenda.

Wanafunzi wameniuliza kama napinga mafuta. Sipingi. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali na jamii asilimia 5, na kaunti yenye shule zisizo na madawati haiwezi kuzidharau fedha hizo. Swali langu ni jamii ipi. Mfugaji wa Loima anayeshuka Turkwel kila kiangazi kibaya hakai Lokichar, hatakuwa kwenye daftari la Lokichar, na ndiye atakayepoteza ukingo ukikauka. Asilimia 5 ikigawanywa kwa anwani, itamruka.

Basi kabla ya tone la bwawa kuingia kwenye mwamba, nataka mambo mawili yaandikwe kwenye leseni ya maji, si kwenye hotuba. Kwanza, ramani ya ekwar na visima vya laga, ichorwe na wazee wa adakar, yaani makundi ya wafugaji wanaohama pamoja, wao wenyewe, tena katikati ya kiangazi. Mikutano ya maoni ikiitishwa mvua inaponyesha, wenye haki wako mbali na mifugo. Pili, kiwango cha mto hapa Lodwar ambacho mto ukishuka kukifikia, pampu ya kupeleka maji visimani huzimwa na maji huachiliwa yashuke, bila kusubiri kibali cha Nairobi. Kiwango hicho kisomwe na watu wa huku, kiandikwe kwa Kiturkana na Kiswahili, kibandikwe kwa kila chifu kuanzia bwawani hadi ziwani, na kiwe kimebandikwa kabla ya mtaro wa bomba la maji kuchimbwa.