Safari ya Kwenda Kuyatazama Maporomoko ya Kalambo
Maneno ya katekista wa Milanzi mbele ya walimu na Wakristo, siku ya Yubilei



Nimeombwa niseme habari za safari yetu ya Kalambo. Nakubali kwa furaha, ila yanipasa nianze kwa kuungama jambo la aibu. Kwa muda wa miaka kumi na minane nalifundisha watoto habari za nchi, na kila mwaka, tulipofika penye somo la mito, nalichora ubaoni maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ambayo Wazungu waliyaita Victoria. Nalitaja kimo chake, meta 108, na jinsi mvuke wake uonekanavyo toka mbali kama moshi. Nalisema kama mtu aliyekuwako. Mwaka jana kijana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umeyaona?" Nikajibu kwamba sijayaona. Akauliza tena, "Na ya Kalambo je?" Hapo nalinyamaza, nikageuka kufuta ubao uliokuwa hauna haja ya kufutwa.

Maana Kalambo ni maji ya kwetu. Mto huo unashuka katika nyanda zetu za juu, unafuata mpaka wa Tanzania na Zambia, kisha unaanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Ni karibu mara mbili ya kimo cha Mosi-oa-Tunya. Watu wa mbali wanavuka bahari kuja kuyatazama, na mimi wa Milanzi nalikuwa nimekaa nyumbani. Wazee wetu husimulia habari za wale wanawake watatu wageni waliofika Milanzi mfalme alipokuwa porini akiwinda, wakakikalia kiti chake. Basi yule mfalme alikuwa na udhuru, kwa kuwa hakuwako. Mimi nalikuwako, wala sikwenda.

Tukaondoka mwezi wa Mei, mvua zilipokwisha, watoto thelathini na mmoja, walimu watatu, na seremala wa parokia aliyeomba kufuatana nasi. Gari likatuchukua kabla ya jogoo kuwika. Tukapita Sumbawanga, tukafika Matai, tukashika njia ya Kasanga, mji ule ambao Wadachi zamani waliuita Bismarckburg. Habari za njiani ni chache: vumbi, nyimbo, na mtoto mmoja aliyetapika. Tuliona mashamba ya ntumba pande zote, yale matuta ambayo ndani yake nyasi huzikwa zioze ziwe mbolea, nikawaambia watoto wayatazame vema, kwa sababu kazi hiyo ya bibi zao wataalamu wamekuja kuiandika katika vitabu.

Sasa sikilizeni. Juu ya maporomoko mto wenyewe ni mdogo. Mtu asiyejua angeudharau. Unakwenda polepole kati ya mawe, na watoto wakaanza kunung'unika, wakisema, "Je, ndio huu?" Kisha nchi inakwisha. Sina neno jingine la kusema. Mbele yako hapana kitu ila hewa, na ng'ambo ukuta wa mawe, na maji yale membamba yanatoka ukingoni, yanaanguka, yanaendelea kuanguka, hata jicho lachoka kuyafuata; huko chini yamekuwa kama moshi mweupe. Ndege wale wakubwa waitwao marabu, ambao mjini twawaona wakiokota takataka na kuwacheka kwa upara wao, huko hujenga matundu yao katika kuta za bonde, na huruka chini ya miguu yako. Sikupata kumtazama ndege mgongoni kabla ya siku ile.

Nami nikasahau kazi yangu. Nalikuwa nimeahidi kuwahesabu watoto kila mara, wala sikuhesabu. Nilipogeuka, yule kijana aliyeniuliza swali alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe lenye utelezi, kichwa na mabega yamepita ukingo, anatazama chini. Sikuweza kupiga kelele, nikiogopa kumshtua. Seremala ndiye aliyekwenda, taratibu, akamshika viungo vya miguu miwili, akamvuta nyuma kama mtu avutavyo ubao. Kijana akasema, "Nalitaka kuona yanapofika." Hakuna aliyemkaripia. Mimi nalikaa chini, kwa maana magoti yalikuwa hayanishiki. Nawaambia ninyi walimu jambo hili ingawa lanitia haya, mpate kujua: kila watoto watano wawe na mtu mzima wao, tena huyo asiyatazame maji mpaka zamu yake ifike.

Tulipotulia, wakauliza ni nini iliyoikata nchi namna hii. Mmoja alisema ni mlima wa moto. Nikamjibu kwamba Ufipa hapana mlima wa moto, lakini hakukosa sana. Nchi ya Afrika ya Mashariki inapasuka na kuachana polepole mno, na ufa wake umepita kwetu. Upande mmoja umezama ukawa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470. Upande wa pili umezama bonde la Rukwa. Nasi tumebaki juu katikati, kama mgongo wa ng'ombe. Kalambo ni maji yanayokuta ukingo wa ufa huo. Penginepo katika nyufa hizi moto hupata njia: huko Rungwe mlima Kyejo ulimwaga mawe yaliyoyeyuka yapata mwaka 1800, Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007, na Nyiragongo ulipeleka moto wake mpaka ndani ya mji wa Goma mwaka 2002, ukapasuka tena mwaka 2021. Kwetu ufa huu hujulikana kwa tetemeko. Lile la tarehe 13 Desemba 1910, upande huu wetu wa Rukwa, ni miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Afrika. Kazi hiyo haijaisha.

Lakini neno lililomgusa seremala lilikuwa jingine. Karibu na maporomoko, upande wa Zambia, mtaalamu Desmond Clark alianza kuchimba ukingoni mwa mto mwaka 1953, akapata vyombo vya mawe na vipande vya miti iliyohifadhiwa na udongo wenye maji. Na mwezi wa Septemba 2023 wataalamu wengine, wakiongozwa na Larry Barham wa Liverpool, walitangaza kwamba wamepata magogo mawili yaliyounganishwa, la juu limechongwa pengo lipate kukaa juu ya lile la chini. Umri wake si chini ya miaka 476,000. Wanasema watu wa namna yetu walikuwa bado kuonekana duniani.

Seremala akanitaka nirudie hesabu. Nikairudia. Akaweka mkono wake wa kuume juu ya wa kushoto, akaupima na kuutikisa. "Pengo la hivi," akasema, "lazima ulijaribu, ulitoe, ulichonge tena. Halitoki mara ya kwanza." Akanyamaza mpaka tulipofika garini, ndipo akaniuliza kama walikuwa na patasi. Nikasema ni mawe tu. Akatikisa kichwa, akacheka peke yake.

Siku hizi upande wetu pana ngazi za kushukia bondeni. Wenye magoti mabovu, kama mimi, wafikiri kwanza juu ya kupanda tena. Mwezi wa Mei tutakwenda mara ya pili, maana kufikia Oktoba maji huwa machache. Mwenye kutaka aandikishe jina lake kwangu, alete chakula cha siku mbili na viatu visivyoteleza. Yule kijana ameomba awe mwenye kuhesabu.