Vishale, Hesabu na Moyo wa Kijana

Mhadhara wa umma uliotolewa Sikonge, mkoani Tabora



Nchi ambayo katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023 ni kama robo tu ya watahiniwa wake waliofaulu somo la Hisabati haina ruhusa ya kudharau njia yoyote ya halali inayoweza kumrudishia mtoto mapenzi ya hesabu. Na kwa kuwa njia ninayokusudia kuinadi mbele ya hadhara hii tukufu ni mchezo, tena mchezo ambao wengi wenu mmeuona ukichezwa katika vilabu vya pombe na si penginepo, nawaombeni subira mpaka nimalize, ndipo mnihukumu.

Nasema hivi: mchezo wa vishale, ukitolewa kilabuni ukatundikwa ukutani mwa shule, chini ya macho ya mwalimu, humpa kijana mambo mawili ambayo darasa letu aghalabu hushindwa kumpa kwa pamoja, nayo ni wepesi wa kupiga hesabu kichwani na uthabiti wa kusimama mbele ya watu. Mambo hayo mawili ni ndugu. Mtoto hukaa kimya katika somo la Hisabati si kwa kuwa hana akili, bali kwa kuwa amekwisha kuzoea kwamba jibu lake likiwa baya atachekwa, na anayeogopa kuchekwa hajaribu, na asiyejaribu hajui. Hivyo hofu huzaa ujinga, na ujinga nao huizidisha hofu, mwaka baada ya mwaka, hata mtoto akatoka shuleni akiamini kwamba hesabu iliumbwa kwa ajili ya watu wengine.

Kwanza na tuondoe dhana kwamba hesabu ya kichwani ni ngeni katika ardhi hii. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, alikuta biashara ambayo vipimo vyake vilitaka akili iliyonolewa: shuka ilikuwa mikono 4, doti ilikuwa shuka 2, ushanga ulihesabiwa kwa khete, na khete 10 zilifanya fundo moja, nafaka nayo ilipimwa kwa kibaba, na vibaba 4 ni pishi. Kiongozi wa msafara wenye wapagazi 100, aliyewajibika kumpa kila mtu posho ya kibaba kimoja kwa siku, alijua pasipo kalamu wala karatasi kwamba jioni ile atahitaji pishi 25, na kwamba akimlipa kila mmoja shuka moja zitamtoka doti 50; na alilazimika kuyajua hayo akiwa amesimama mbele ya mtemi anayedai hongo, yaani ushuru wa kupita, na wauzaji wanaopandisha bei, na wapagazi wanaosikiliza kila neno limtokalo kinywani. Hesabu ya msafara haikuwa hesabu ya kujifungia chumbani. Ilikuwa hesabu ya hadharani, aliyekosea aliiona hasara yake papo hapo, na aliyepatia aliheshimiwa. Njia za misafara hazikuwa zile za kwenda Ujiji peke yake; ile ya kusini, ambayo msafiri Stanley aliifuata mwaka 1871 alipoikwepa vita ya mtemi Mirambo kwa kuzungukia Ugunda na Ukonongo, ilipita upande huu wetu. Basi watu wa Sikonge wanapoambiwa kwamba hawana kipaji cha namba, wanaambiwa jambo ambalo babu zao wangelisikitikia.

Hata ubao wa vishale wenyewe una nasaba na nchi hii. Ubao ulio bora hufanywa kwa nyuzi za katani zilizokatwa fupi fupi, zikafungwa mafungu, zikashindiliwa kwa nguvu hali zimesimama, ncha zake zikimtazama mchezaji, hata kishale kinapoingia hupenya baina ya nyuzi bila ya kuzikata, na kinapong'olewa nyuzi hurudi mahali pake zikalifumba tundu. Mkonge ulifika pwani yetu mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo iliyofika hai ikawa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga na Pangani, ambayo kufikia mwaka 1964 yaliifanya nchi hii kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Na mikono iliyoyakata majani hayo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya watu wa bara, Wanyamwezi wakiwamo tangu mapema, waliokwenda pwani kwa miguu kwa njia ileile ya wapagazi, na waliowafuata baadaye wakaitwa manamba. Mjukuu wa mkata mkonge hana sababu ya kuuona ubao wa katani kuwa ni kitu cha wageni.

Sasa naingia katika mchezo wenyewe, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu watu wengi huusifu au huulaani bila ya kuutazama.

Ubao umegawanywa vipande 20, vyenye namba 1 hadi 20, lakini namba hizo hazikupangwa kwa kufuatana. 20 imekaa juu kabisa, na jirani zake ni 5 na 1. 19 imekaa chini, na jirani zake ni 7 na 3. Ukanda mwembamba wa pembeni huzidisha namba mara mbili, ukanda mwembamba wa katikati huzidisha mara tatu, na kitovu kina thamani ya 50, kikizungukwa na duara dogo la 25. Mchezaji husimama nyuma ya mstari, mita 2.37 kutoka kwenye ubao, hutupa vishale vitatu kwa zamu, na jumla yake hutolewa katika 501, mpaka afike sifuri kamili. Wala hawezi kufika sifuri kwa namba yoyote apendayo, bali kwa kishale cha mwisho kilichoingia katika ukanda wa mara mbili au katika kitovu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoufanya mchezo huu kuwa shule.

Mfikirieni msichana wa darasa la saba aliyebakiwa na 86, na vishale vitatu mkononi. Akiipata 18 mara tatu atatoa 54, ibaki 32, ambayo ni 16 mara mbili, na mchezo umekwisha. Lakini mkono umekengeuka, kishale kimeingia katika 18 ya kawaida. Sasa amebakiwa na 68 na vishale viwili; shauri la kwanza limeharibika, na hana budi kutunga la pili papo hapo, wenzake wote wakimtazama: 68 ukitoa 60 ni 8, basi aitafute 20 mara tatu, kisha 4 mara mbili. Anatupa, inaingia 20 ya kawaida. Imebaki 48, na kishale kimoja hakiwezi kuifuta, maana hakuna kipande ambacho mara mbili yake ni 48. Je, atupe ovyo kwa hasira? Mwenye maarifa hatupi ovyo. Huilenga 16, ili zamu yake itakaporudi aikute 32 ikimngojea.

Na kwa nini 32? Kwa sababu akiilenga 16 mara mbili, kishale kikaanguka ndani kidogo katika 16 ya kawaida, humbakia 16, ambayo ni 8 mara mbili. Akikosa vilevile humbakia 8, ambayo ni 4 mara mbili. Kisha 4, kisha 2. Namba hii hugawanyika nusu kwa nusu mpaka mwisho bila ya kumwachia mchezaji witiri, na kijana aliyeigundua siri hiyo kwa mkono wake mwenyewe amekwisha kuonja mlango wa vipeo kabla mwalimu hajaandika neno hilo ubaoni. Mcheza bao atatabasamu hapa, kwa kuwa bao lake lina mashimo 32 na kete 64, kila upande kete 32, naye amezitembeza tangu utotoni.

Kuna somo jingine lililofichwa katika mpangilio wa namba. Mwanafunzi mgeni huilenga 20 kwa kuwa ndiyo kubwa. Lakini mkono wake bado haujatulia, na kishale chake huweza kuingia kulikokusudiwa au kwa jirani wa huku au wa huku. Basi tuseme vishale vitatu vimegawanyika sawa, kimoja 5, kimoja 20, kimoja 1: jumla ni 26, wastani haufiki 9. Sasa na ailenge 14, ambayo jirani zake ni 11 na 9. Vishale vitatu vilivyogawanyika vivyo hivyo vitampa 34, wastani unazidi 11. Wastani wa namba zote za ubao, 210 ikigawanywa kwa 20, ni 10.5, kwa hiyo mgeni anayeikimbilia namba kubwa hupata pungufu ya yule anayetupa bila ya kuchagua, na anayeijua nadharia ya wastani humshinda mwenye tamaa. Mwalimu akitaka kufundisha wastani na uwezekano, na awape wanafunzi vishale, awaambie waandike matokeo yao, kisha wabishane. Watabishana kwa tarakimu, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Naja katika ujasiri. Mbele ya ubao wa vishale kosa huonekana na wote, lakini halikai, kwa maana baada ya muda mfupi kishale kingine kinatupwa na hesabu mpya inafunguliwa. Mtoto hujifunza kukosa hadharani, na kurekebisha hadharani, mpaka fadhaa ikachoka yenyewe. Yule ambaye mkono wake ni dhaifu hupewa chaki awe karani wa mchezo, akatoa kwa sauti, 501 ukitoa 45 ni 456, na wachezaji wakubwa humsubiri yeye na humtii yeye. Nimewaona watoto wasiojibu lolote darasani wakiwasahihisha kaka zao katika kazi hiyo ya ukarani, kwa sauti ya wazi, bila ya woga. Na wanahesabu kwa lugha wanayofikiria kwayo, iwe Kiswahili au Kinyamwezi, jambo ambalo si dogo kwa mtoto ambaye akiingia sekondari atazikuta hesabu zilezile zimegeuzwa kwa Kiingereza.

Uthabiti huo hauna mipaka ya nchi wala ya rika. Januari 2025 huko London kijana Luke Littler alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 17. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Desemba mwaka huohuo, ambapo David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, Mkenya wa kwanza kufika katika mashindano yale, alitanguliwa seti mbili bila na Mbelgiji Mike De Decker, mchezaji mwenye sifa kubwa, kisha akazishinda tatu zilizobaki mfululizo mbele ya umati wa wageni watupu. Mtu aliye nyuma kwa seti mbili huku dunia ikimtazama, na bado akatoa hesabu zake sawasawa na kuutuliza mkono wake, ana kitu ambacho ningependa kila mtoto wa Sikonge awe nacho siku ya mtihani.

Naye atakihitaji hata baada ya mtihani. Kijana wa hapa akitoka shule hukutana na tumbaku iliyopangwa madaraja, kila daraja na bei yake, nayo malipo huja baada ya makato ya pembejeo. Hukutana na asali inayouzwa kwa kilo hapa na kwa ndoo pale. Asiyeweza kutoa na kuzidisha huku amesimama mbele ya mizani hupokea anachopewa na kushukuru.

Najua mtakayoniuliza. Mtasema mchezo huu ni wa walevi. Nami nakiri kwamba umelelewa huko, lakini kosa ni la mahali na si la ubao. Maadamu umewekwa shuleni, mchana, bila ya dau la fedha, hauna uhusiano wowote na chupa. Mtasema ncha zina hatari. Zina hatari kweli, na kwa hiyo sheria iwe moja isiyovunjwa: hakuna anayevuka mstari mpaka vishale vyote vitatu vimetupwa, na mwalimu ndiye mwenye kuvitunza na kuvihesabu jioni. Wala sidai kwamba vishale vitafundisha aljebra au vitachukua nafasi ya mwalimu na kitabu. Havitaweza. Vitamleta mtoto mbele ya kitabu akiwa hana hofu, na kwa hali tuliyonayo hilo ni kubwa.

Basi naziomba kamati za shule, na walimu wakuu, na Halmashauri yetu: kila shule iwe na ubao mmoja, vishale sita, mstari uliochorwa sakafuni, na saa moja kwa juma baada ya masomo. Kama fedha ya ubao wa dukani haipo, fundi na aizungushe kamba nene ya katani, aishone ikaze juu ya mbao, na wanafunzi wenyewe waipime kwa bikari na kuigawa pembe za digrii 18, vipande 20. Kazi hiyo peke yake ni somo zima la jometri. Wasichana wapewe zamu sawa na wavulana, na chaki ishikwe kwanza na yule asiyenyosha mkono darasani. Muhula ujao usipite kabla hamjaanza.