Tumwombe Bwana wa Mavuno

Mwaka 1895 mmisionari Peter Cameron Scott na wenzake walifika Ukambani, wakajenga kituo Nzaui, kusini ya Machakos yetu. Desemba 1896 Scott akafa kwa homa. Wenzake kadhaa nao wakafa, wengine wakarudi kwao. Kwa hesabu ya wanadamu kazi ilikwisha. Lakini maombi hayakukoma, na Mungu akaleta watenda kazi wengine. Ndiyo maana leo tunamsifu kwa Kikamba.

Basi sisi tukipanga mkutano wa Injili, mbona twahangaikia vipaza sauti wiki nzima, na maombi twayapa dakika 5? Katika Mathayo 9:38 Yesu aliagiza kwanza kuomba. Usiku huu, kabla hatujalala, tumtajie Bwana jirani mmoja kwa jina lake.