Herufi Nene za Mabango na Ritifaa ya Kiswahili



Herufi nene zenye miguu ya mraba, zile za mabango ya kale, zilianza kusubiwa na Vincent Figgins wa London yapata mwaka 1815. Zilikusudiwa kuita macho kutoka mbali. Kasha lake, hata hivyo, lilijazwa kwa hesabu ya Kiingereza, ambamo E ndiyo huongoza. Kiswahili kina hesabu nyingine. Chukueni jina la kata ya Malangali, mjini Sumbawanga: katika herufi 9, A ni 3. Sumbawanga nayo ina A 3 katika 10. Mpangaji chapa huishiwa A, ilhali Q na X zimelala tu.

Kompyuta imeuondoa uhaba huo. Imebaki kasoro ambayo kwangu ni nzito zaidi, nayo ni ritifaa. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mzizi wake. Ngoa ni wivu, au tamaa. Mchora bango huiona ritifaa kuwa kidoa baina ya miguu minene, akaiangusha. Mwanaisimu huiona kuwa sehemu ya fonimu. Basi anayebuni herufi za namna hii kwa ajili ya Kiswahili na aanze na NG', aipe ritifaa unene unaolingana na miguu hiyo, kabla hajaigusa Q.