Ombi la Uraia Lisilojibiwa Humfikia Askari



Jalada la mwombaji wa uraia likikaa mezani mwaka baada ya mwaka, wengi husema hilo ni jambo la makarani. Historia ya nchi yetu yaonyesha vingine. Jalada lililolaliwa ofisini leo, kesho humfikia askari aliyesimama barabarani na bunduki yake, naye hutakiwa kuamua kwa dakika moja jambo ambalo ofisi imeshindwa kuliamua kwa miaka mingi.

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Katiba iliwafanya kuwa raia watu waliozaliwa nchini ambao mzazi wao mmoja, au babu au bibi yao mmoja, naye alizaliwa humu. Wengine waliozaliwa hapa, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, walipewa miaka miwili, hadi tarehe 9 Oktoba 1964, kuomba waandikishwe. Maelfu waliomba. Baadhi walijibiwa, wengine hawakukubaliwa wala hawakukataliwa, na majalada yao yakabaki yalipo.

Mnamo Desemba 1971, Idi Amin aliwaita viongozi wa Waasia mkutanoni hapa Kampala, akatangaza kwamba maombi yapatayo 12,000 yaliyokuwa hayajajibiwa yamefutwa. Hivyo mtu aliyetii sheria na kungoja miaka saba alihesabiwa sawa na yule ambaye hakuomba kamwe. Kosa la ofisi likageuzwa kuwa kosa la mwombaji.

Haikupita hata miezi minane. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwahutubia wanajeshi huko Tororo, Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wenye uraia wa Uingereza, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Hata waliojiona raia wa Uganda walipaswa kupanga foleni ili hati zao zikaguliwe, na wengi walinyang'anywa uraia kwa sababu ya tarehe moja tu katika karatasi. Baadhi yao wakawa hawana nchi yoyote, na Umoja wa Mataifa ukawapeleka katika kambi za muda huko Ulaya, zikiwamo za Austria, Italia na Malta.

Katika barabara ya Kampala hadi Entebbe palikuwa na vizuizi, na baadhi ya askari waliwapokonya wasafiri saa, mapambo na fedha. Je, jeshi lilifaidika nini? Maduka yalitwaliwa na wachache, bidhaa zikaadimika, na familia ya askari ikahangaikia sukari na sabuni kama familia nyingine zote. Mwaka 1982 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zao.

Hapana budi tukiri kwamba serikali ina haki ya kuchunguza. Uraia si njugu za kugawa sokoni, na wadanganyifu hawakosekani. Lakini uchunguzi lazima uwe na mwisho. Sheria humtaka mgeni anayeomba uraia wa tajinisi awe amekaa nchini jumla ya miaka 20. Mtu wa namna hiyo anastahili jibu. Hata jibu la kukataa lina manufaa, kwa kuwa ibara ya 42 ya Katiba ya 1995 humruhusu mtu kupeleka mahakamani uamuzi uliotolewa dhidi yake. Kimya hakimpi hata uamuzi wa kulalamikia. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ndugu askari, jambo hili haliko mbali nanyi. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka wetu na Kenya. Wakonzo wako huku na Kongo. Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Miongoni mwenu wapo wenye mashemeji na wajomba ng'ambo ya mpaka, na jina au lafudhi haitoshi kumtambulisha raia na mgeni.

Kwa hiyo, akija mbele yenu mtu mwenye stakabadhi ya ombi lisilojibiwa, kumbukeni kwamba kuomba si kosa na kungoja si kosa. Msiichane karatasi yake wala msiitoze fedha. Huenda ndiyo ushahidi wake pekee. Mkiwa na shaka, mpelekeni kwa ofisa wa Uhamiaji, ambaye kazi hiyo ni yake. Akikamatwa kwa kushukiwa kosa, Katiba inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Tena ibara ya 221 inayataja majeshi yetu, polisi na magereza, na kuyaamuru yaheshimu haki za binadamu katika kazi zao.

Karani mvivu anaweza kumchelewesha mtu. Askari mwadilifu anaweza kuzuia ucheleweshaji huo usigeuke kuwa maangamizi.